Ada ya Kumwamsha Baba

Kama umeanza kunisoma leo, vuta kiti ukae. Hiki hakina malipo, na nasema hivyo mimi ambaye kazi yangu ni kukodisha viti.

Naitwa Frema. Viti vya plastiki mia nne, maturubai kumi na mawili. Hapa Kumasi ukifiwa unanipigia simu. Sasa safari hii nimefiwa mimi. Baba yangu yuko mochwari, wiki ya kumi na moja.

Siku tulipompeleka tuliambiwa ni sedi thelathini kwa siku, basi. Hilo "basi" walilitamka kwa mdomo mtamu kweli. Kisha ada zikaanza kujitokeza moja moja kama mende jikoni. Ada ya barafu. Ada ya dizeli ya jenereta. Ada ya kumgeuza ubavu. Nilipouliza hiyo ya ubavu ni kitu gani, nikajibiwa kwamba maiti asipogeuzwa anaharibika mgongo. Baba alikuwa seremala. Mgongo wake uliharibika zamani, tena bure.

Ndipo Jumatatu nikapiga simu kwenye kipindi cha asubuhi cha redio, nikaapa Kumasi nzima ikisikia: sitalipa hata pesewa moja ambayo haijaandikwa ukutani, mahali ambapo kila mfiwa anaiona kabla hajamleta mtu wake. Watu walinishangilia. Sokoni nilipewa nyanya za bure. Nilivimba kichwa, sikatai. Wiki iliyopita niliwaacha hapo, nikiwa bado na nyanya zangu mkononi.

Haya, sikilizeni yaliyonipata.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mazishi, nilikwenda mochwari na dada yangu Serwaa kupeleka nguo za baba. Tulipopita geti tu nikauona. Ubao! Mkubwa, mweupe, rangi yake inanata bado, umepigiliwa juu ya dirisha la malipo.

Nikamkamata Serwaa mkono. "Tumeshinda!"

"Soma kwanza," akasema. Serwaa ni mwalimu mkuu, hafurahii kitu kabla hajakisoma.

Nikasoma. Ada kumi na saba.

Barafu ilikuwepo. Dizeli ilikuwepo. Kugeuza ubavu kulikuwepo, na sasa kunalipiwa kila wiki. Sabuni mbali, dodoki mbali, kana kwamba kuna mtu anasuguliwa kwa moja bila jingine. Na ile chupa ya kumwamsha marehemu nayo ilikuwepo. Nyumbani kwetu waosha maiti humwaga pombe kidogo chini, wakamwita mtu kwa jina lake ili akubali kuvishwa. Tangu enzi za babu zetu hiyo ilikuwa chupa tu, ukileta ndogo inapokelewa. Sasa ilikuwa sedi mia mbili, taslimu. Na ya kumi na saba, kwa wino mwekundu: ada ya ubao.

Nikamwita msimamizi. Anaitwa Bwana Dwomoh, mtu mnene wa viatu vyeupe, mwenye sauti ya pole hata anapokukaba.

"Ada ya ubao ndiyo nini?"

"Dada Frema, karibu sana. Mbao, rangi, na fundi wa kuandika. Vyote vimelipiwa. Si ulitaka uwazi? Huo hapo, unang'aa."

"Nilitaka mwache kutuibia!"

"Hapana, dada. Redioni ulisema viandikwe. Nilikusikia kwa masikio yangu haya mawili. Hukusema vipunguzwe."

 Harufu ya dawa ya mochwari nimeizoea. Ule upole wake ndio sijauzoea.

Nyuma yangu kulikuwa na bibi mmoja, Maame Pokuaa, muuza ndizi za kuchoma, ambaye mume wake alikuwa humo ndani. Akanigusa bega.

"Wewe ndiye yule wa redioni?"

"Ndiye mimi, mama," nikasema, nikijiandaa kupokea shukrani.

"Basi Mungu akusamehe, maana mimi bado."

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hiyo pombe ya kumwamsha. Nilishaelewana na muoshaji, nampa nusu chupa na samaki wa moshi wawili, yamekwisha. Leo nafika naambiwa, bibi, bei iko ukutani. Mtu naweza kumbembeleza. Ukuta nitaubembeleza vipi?"

 Serwaa alimlipia yule bibi sehemu ya zile mia mbili.

Nikaondoka pale dirishani, hatua kama ishirini hivi, nikapiga tena redioni. Mtangazaji, kijana mmoja machachari anayeitwa Barima, akanipokea kwa kelele.

"Shujaa wetu! Ubao umewekwa?"

"Umewekwa, Barima. Wameuandika wizi wao ukutani, halafu wametutoza gharama za kuuandika!"

Studio nzima ikacheka. Mimi mwenyewe nikacheka. Nikaanza kuzitaja zile ada moja baada ya nyingine, na kwenye dodoki Barima akawa anagonga meza.

"Ngoja, dada, ngoja. Tuna msikilizaji mwingine kwenye laini. Karibu, bwana."

"Asante. Mimi ndiye msimamizi wa hiyo mochwari."

Niligeuka. Dwomoh alikuwa palepale nyuma ya kioo cha dirisha lake, simu sikioni, ananitazama.

"Mimi nakubali lawama," akasema, na sauti yake ikanijia mara mbili, simuni na dirishani. "Lakini huyo dada naomba mumuulize jambo moja. Mwezi wa nane nilizika shemeji yangu kule Suame. Nikakodi viti vyake mia moja. Kwenye risiti kulikuwa na kitu kinaitwa ada ya vumbi. Atueleze hilo vumbi ni lipi."

"Dada Frema?" akasema Barima. "Ada ya vumbi?"

Jamani.  Hapo nilishikwa.

Acheni niseme, maana hadithi hii tangu mwanzo niliahidi sitaficha kitu, na hiki nilikificha. Ada ya vumbi niliibuni mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, nimekaa kwenye kimoja cha viti hivyo hivyo nakunywa maji baridi. Pesewa hamsini, yaani nusu sedi, kila kiti, ya kuosha vumbi vikirudi. Sijawahi kuosha kiti hata kimoja. Mvua ndiyo inayoviosha.

Na mbaya zaidi ni hii. Risiti siwapi watu siku wanayokuja kukodi. Nawapa siku yenyewe, gari la maiti linapoingia uani, watu wanalia, mwenye msiba hajui mkono wake wa kulia ni upi. Anatia sahihi. Hakuna aliyewahi kuuliza. Nilijua hawatauliza, na ndiyo sababu nikachagua saa ile.

Nyani haoni kundule. Ya Dwomoh kumi na saba nimeyahesabu kwa kidole, langu nimelikalia.

"Ni kweli," nikasema redioni.  "Hakuna vumbi. Ni wizi. Kuanzia leo nimeifuta, na aliyewahi kunilipa aje nimrudishie."

Nusu ya Kumasi ilinicheka. Nusu nyingine ilikuja nyumbani. Mpaka saa tisa mchana foleni ilikuwa imefika kwa jirani, na ndani yake kuna mzee mmoja aliyekuja kudai ada ya viti alivyokodi kwa mtu mwingine kabisa. Nikamlipa. Ningebishana na nani siku ile?

Jioni Serwaa alikuja kunisaidia kukunja maturubai.

"Umenichukia?" nikamuuliza.

"Nilikodi viti kwako nilipomzika mume wangu," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau, na risiti yake niliiandika mimi.

"Ulinitoza, Frema. Nililipa."

Akaendelea kukunja.

Sasa Ijumaa. Ijumaa mchana ndipo maiti hutolewa, alale kwenye nyumba ya ukoo, Jumamosi asubuhi watu wamwage machozi yao. Jeneza tulilinunua sisi watoto, kama ilivyo desturi, na wanafunzi wa zamani wa baba ndio walilichonga. Lilikuwa nje kwenye pikapu, zuri mno kwa kitu cha kufukiwa.

Lakini jeneza ndiyo mwisho wa mamlaka yetu. Kwetu Waasante baba si wa watoto wake. Baba ni wa ukoo wa mama yake. Watoto mnanunua sanduku na kulia, lakini mwenye maiti ni ukoo, na mwenye ukoo ni mkuu wake. Bila sahihi ya mkuu, hata mkono wa marehemu huruhusiwi kutoka nao.

Mkuu wa ukoo wa baba ni Opanyin Tuffour, na Opanyin kwetu ni kusema mzee. Mama yake na mama wa baba ni ndugu. Yeye ndiye aliyeichagua mochwari ile, tulipotaka ya serikali akasema hapana, ndugu yake hawezi kulazwa na watu wasiojulikana. Yeye ndiye aliyepanga tarehe. Na yeye ndiye aliyeisogeza. Mara ya kwanza mpwa wa Hamburg hajapata likizo. Mara ya pili nyumba ya ukoo haijapakwa rangi. Mara ya tatu rangi ilipakwa lakini haikumpendeza.

Kwenye dirisha nililipa ada zote kumi na saba. Usinicheke, msomaji. Ziliandikwa ukutani, na niliyeapa kulipa zilizoandikwa ni mimi.

"Naomba risiti," nikamwambia binti wa malipo. "Inayotaja kila kitu, moja moja."

Dwomoh akachungulia kutoka ndani. "Ya jumla inatosha, dada."

"Haitoshi. Mimi najua risiti za jumla, nimeziandika."

Binti akabonyeza, mashine ikatema karatasi ndefu. Nikaisoma nikiwa nimesimama palepale, watu wananisukuma nyuma. Barafu, dizeli, ubavu, sabuni, dodoki, mpaka ubao. Chini yake kukawa na ya kumi na nane. *Shukrani ya mleta maiti, sedi tano kwa siku, siku sabini na saba.*

"Hii haipo ubaoni," nikasema.

"Hiyo hatuwekagi ubaoni, mama," akasema yule binti bila hata kuinua macho. "Hiyo ni ya ndani. Imo humo kwenye zile thelathini zenu. Ukiomba moja moja, kompyuta inaitoa yenyewe."

"Mleta maiti ni nani?"

Akanyoosha kalamu yake kupitia dirishani, kuelekea nje. "Si yule mzee pale?"

Pale nje alikuwa amekaa Opanyin Tuffour, kitambaa chake cheusi begani, miguu ameitanua, anapepewa.

Nilitoka na karatasi mkononi. Uani watu wa ukoo walikuwa wamesimama wamevaa nyeusi na nyekundu, na changarawe imelowa maana mvua ilinyesha asubuhi. Wakati huohuo mlango wa pembeni ukafunguliwa, waoshaji wawili wakamtoa baba kwenye kitanda cha magurudumu.

Sikuwa nimemwona kwa wiki kumi na moja. Walikuwa wamemvisha shati lake jeupe. Alikuwa amekuwa mdogo. Mtu aliyekuwa akibeba mbao za milango peke yake, sasa shati lilikuwa limemshinda ukubwa. Shangazi yangu, dada yake baba, akaanza kulia na wanawake wakampokea.

Opanyin akaletewa faili la kutia sahihi. Akaifungua kalamu.

Serwaa aliniona usoni. Akanivuta karibu. "Frema, si sasa. Jumatatu utauliza. Leo anyamaze kila mtu, na wewe hasa."

Na alikuwa na haki. Kutoka kitanda mpaka pikapu zilikuwa hatua tano. Ningenyamaza, saa hii baba angekuwa amezikwa na mimi nisingekuwa na cha kuwaandikia.

"Nana," nikasema, kama tunavyowaita wakubwa wetu, na niliinama kwa heshima zote. "Samahani. Hizi sedi tano kwa siku ni za nani?"

"Zipi?"

Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti, na shangazi akaacha kulia.

"Tano kwa siku?" akauliza shangazi. "Kila siku aliyolala humo?"

"Kila siku," nikasema.

"Ndiyo maana rangi ya nyumba ilikuwa haikupendezi, Tuffour?"

Watu wakageuka. Mtu mmoja akacheka kisha akajifanya anakohoa. Nilitazamia mzee akane, aape, aite karatasi uongo. Wala hakuhangaika.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Nimekuja hapa kumwangalia ndugu yangu. Nauli alinipa nani? Ninyi?"

"Ulikuja mara ngapi?" akauliza shangazi.

 Opanyin alifunga kalamu, akaiweka juu ya faili, na kunitazama mimi.

"Huyu ni ndugu yangu. Mama zetu wamenyonya ziwa moja. Wewe kwake ni nani? Ni mtoto. Umeleta jeneza, ahsante. Mtoto haulizi ukoo. Na wewe jana umekiri redioni kwamba unawaibia wafiwa, leo unanifundisha mimi uaminifu?"

Hapo alinipata. Nilisikia watu wakiguna.

"Piga goti hapa," akasema. "Useme mbele ya watu hawa kwamba umekosea, nami nitatia sahihi. Hutaki, arudi ndani. Mimi sina haraka."

Ni kweli hakuwa na haraka. Kila siku ni sedi tano.

"Piga goti, mdogo wangu," Serwaa akaninong'oneza. "Yaishe."

Nililikunja, nawaambia kweli. Goti la kulia lilianza kushuka. Nilimfikiria baba, nikafikiri, kwake nitashindwa nini? Kisha nikamwona Dwomoh mlangoni mwa ofisi, mikono mfukoni, anasubiri kwa ule upole wake, na Opanyin anamtupia jicho kidogo tu, jicho la watu walioshazoeana. Siku sabini na saba walikuwa wakimla, baba amelala kwenye baridi hawezi hata kuwaambia acheni.

Haikuwa hasira. Hasira naijua, tunaishi pamoja. Hiki kilikuwa kinyaa, kile cha kukuta unywele kwenye mchuzi ambao umeshaumeza nusu. Na ndani yake nilikuwemo na mimi na viti vyangu.

Nikasimama wima.

"Mrudisheni ndani," nikasema.

Waoshaji wakatazamana. "Mama?"

"Mrudisheni. Baba yangu hatoki hapa kwa sahihi ya mtu aliyekuwa akimla."

Shangazi alipiga yowe. Mtu akasema mwanamke huyu ana wazimu, na wageni wa Hamburg wameshafika, na ng'ombe ameshachinjwa. Waoshaji wakakigeuza kitanda. Kikakwama kwenye changarawe, wakakiinua kidogo, na kichwa cha baba kikaenda upande.

"Subirini," akasema Dwomoh kwa huruma. "Kurudisha kuna ada yake."

"Iko ubaoni?" nikamuuliza.

"Haijawahi kutokea mtu akarudishwa, dada. Ndiyo kwanza naiandika."

Akaingia ofisini kutafuta kalamu ya wino.

Ndipo Serwaa akatoka pembeni yangu. Serwaa ni mkubwa wetu. Mwalimu mkuu, mjane, mtu ambaye hata kwa mkaguzi wa shule huwa haondoi mikono mgongoni. Alikwenda mpaka mbele ya Opanyin Tuffour, akaikusanya nguo yake nyeusi, akapiga magoti yote mawili kwenye ule unyevu.

"Nana," akasema, "mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Tumekosea. Tia sahihi."

 Waoshaji wakasimama, baba nusu ndani, nusu nje.

Opanyin alimtazama. Kisha akainua macho, akayaweka kwangu.

"Si wewe niliyekwambia," akasema.

Serwaa hakuinuka. Aligeuza kichwa tu, akanitazama kutoka kule chini. Katika miaka yangu yote arobaini na mmoja, dada yangu hakuwahi kunitazama kutoka chini.